Protoni Iliyogoma Kutulia

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na paa la ofisi limeanza kuvuja leo hiihii, utadhani viliahidiana. Tone linadondoka katikati kabisa, kati ya meza yangu na ya Kobe. Nimeweka ndoo. Fundi wa majengo amekuja, ametazama juu, akasema hapandi paa lililolowa, tusubiri mvua ikatike. Nikamwambia msimu ndio kwanza unaanza. Akasema hata yeye analijua hilo.

Kobe ni mwenzangu wa utafiti. Jina hilo nimempa mimi na halitoki nje ya kurasa hizi. Ni mtu mzima, ana mke na mapacha, na hana haraka hata akifukuzwa. Mlinganyo ninaoumaliza asubuhi yeye anaumaliza kesho yake, halafu anaanza kuuhakiki upya. Profesa ametuunganisha muhula huu kwa sababu, kwa maneno yake, mimi ni mwepesi mno na mwenzangu ni mzito mno. Sijui kwa nini hilo la kwangu alilisema kama kasoro.

Kazi yenyewe niiandike vizuri, maana jana Shangazi aliniuliza tena nikababaika. Ndani ya kila kitu, kikombe, ukuta, pua yangu, kuna protoni. Ndani ya protoni kuna kwaki, na kuna gluoni zinazozishika kwaki pamoja kwa nguvu kubwa mno, hata hesabu za kawaida zinasalimu amri. Lakini kuna njia ya kuzunguka nyuma. Kuna nadharia inayosema kwamba dunia hiyo ya kwaki unaweza kuisoma kama dunia nyingine yenye upande mmoja wa ziada, juu ya urefu, upana na kimo, ambamo kinachotawala ni mvutano tu, huuhuu unaoangusha vikombe. Huko hesabu zinalainika. Unahesabu huko, kisha unayatafsiri majibu na kuyarudisha huku kwetu. Mimi nahesabu mvutano, Kobe anatafsiri. Tukimaliza tutajua protoni inajisukuma vipi kwa ndani, na kwa nini haipasuki.

Mei tunasimama mbele ya jopo. Kwangu hii ni nyongeza ya mwisho ya muda. Wakiikubali kazi, naendelea hadi nipate shahada. Wakiikataa, narudi kufundisha sekondari kulekule nilikoaga kwa maringo, na walimu wenzangu wana kumbukumbu nzuri sana.

Profesa ametuusia jambo moja: kabla hatujaandika chochote, tuketi tukubaliane alama. Katika hesabu za mvutano, wakati na nafasi lazima vipewe alama zinazopingana. Ukiupa wakati alama ya kutoa, nafasi inapata ya kujumlisha, au kinyume chake. Njia zote mbili ni halali, mradi ushike moja usiiache. Nikasema sawa, Kobe akasema sawa. Hatukuketi. Mambo ya mwaka wa kwanza hayo, na mtu mwenye akili timamu anajua ipi inatumika.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Ndoo. Kobe yuko ukurasa wa pili.

Jumapili, 9 Machi

Shangazi, ninayeishi naye, alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi mpaka alipostaafu, na kwake kila kilichomo duniani kina uzito na lazima kiandikwe kwenye kadi. Leo nimemweleza protoni kwa utulivu, tangu mwanzo hadi mwisho, huku akichambua mchele. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mnaipima," akasema.

Nikasema tunaweza kusema hivyo.

"Mkishaipima niambie."

Jumanne, 18 Machi

Jua tangu asubuhi! Fundi amekuja na ngazi, amezunguka paani, ameshuka. Anasema haoni panapovuja. Nikamwambia hapavuji kwa sababu hakuna mvua. Akasema basi mvua ikinyesha tumwite.

Jumatano, 26 Machi

Nimemaliza upande wangu wote wa mvutano. Nafsi imetulia, nimejinunulia kalamu mpya. Kobe amepokea kurasa zangu kwa mikono miwili na kuanza kuzisoma kwa rula, anaishusha mstari baada ya mstari. Baadaye akaniuliza kama nilihakiki. Nikamjibu kwamba mimi sihakiki, mimi nakokotoa. Nilipofika nyumbani nikaliona jibu hilo si la kujivunia, lakini lilikuwa limeshatoka.

Alhamisi, 3 Aprili

Leo niliwahi ofisini kwa sababu mvua ilininyima usingizi. Nikamkuta Kobe amepiga magoti sakafuni anakausha maji kwa kitambaa. Ndoo alikuwa ameshaimwaga. Meza yangu ilifunikwa kwa karatasi ya nailoni, imebanwa vizuri kwa vitabu ili upepo usiibebe. Kumbe hufanya hivyo kila asubuhi, kisha anaikunja na kuificha kabla sijafika. Mimi mwezi mzima nimekuwa nikijisifu kwamba nina bahati, tone haliruki upande wangu.

Nikamshukuru. Akasema si kitu, amezoea, nyumbani ana mapacha. Nimeona haya kidogo. Kidogo tu.

Ijumaa, 11 Aprili

Nilidhani leo nitaandika kwa herufi kubwa.

Kobe alimaliza tafsiri yake mchana. Tukaunganisha nusu zetu kwenye kompyuta yake, tukasogeza viti. Uzito wa protoni ulitoka vizuri, karibu sawasawa na ule unaopimwa na maabara. Nikapiga makofi. Tukajumlisha misukumo yote ya ndani, kwa kuwa kitu kilichotulia misukumo yake lazima ifutane hadi sifuri. Ikafutana. Kobe akanipa mkono, na mimi nikaushika kwa moyo mmoja, tangu Machi sikuwahi kumfurahia namna hiyo.

Halafu grafu ikajichora.

Mpira wa miguu hewa ya ndani inasukuma nje, ngozi inaishikilia, ndiyo maana unadunda. Protoni nayo inatakiwa iwe hivyo: katikati isukume nje, pembeni ishikilie. Yetu ni kinyume. Katikati inajivuta ndani na pembeni inakimbilia nje. Ngozi inatoroka na hewa inajimeza. Protoni ya namna hiyo haiwezi kukaa hata kufumba na kufumbua, na hii inakaa, maana mimi niko hapa naandika na pua yangu ipo.

Nikasema kosa liko kwenye tafsiri. Kobe akanitazama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Dada, tafsiri nimeipitia mara tatu," akasema. "Wewe umeupitia mvutano mara ngapi?"

Nikamwambia mambo ambayo siyaandiki hapa. Yeye hakunijibu hata moja, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Tukaondoka kila mtu na mwavuli wake.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimerudia hesabu yangu yote. Haina kosa. Hatusemezani.

Jumanne, 15 Aprili

Naye karudia yake. Haina kosa. Hatusemezani. Ndoo ndiyo inayoongea peke yake humu ndani.

Jumapili, 20 Aprili

"Umeshaipima?" Shangazi kauliza.

Nikamwambia tumeipima na imepasuka.

Akaacha kukoroga. Akaniuliza kwa sauti ile ya wodini tulikuwa tumeishika vipi. Nilitaka kulia nikajikuta nacheka, naye akacheka kwa kunifuata tu, maana mpaka sasa anaamini tuliiangusha.

Alhamisi, 24 Aprili

Profesa ametuita. Kaiangalia grafu kwa muda mrefu, akasema jibu ni zuri sana kwa chembe ambayo haipo. Kisha akasema hatatuhakikia, kazi ni yetu, na jopo halitaahirishwa. Mjumbe wa nje atakuwa yule mama ambaye wanafunzi hutoka kwenye mitihani yake wakitafuta leso. Anasafiri mahsusi kuja kutusikiliza.

Naogopa. Niandike hivyohivyo. Nimeota niko darasani kwangu kwa zamani, ubao umeandikwa tarehe, na wanafunzi wote wana sura ya Kobe.

Tulipotoka kwa Profesa, Kobe alisema ngazini kwamba wanawe wameanza kumuuliza protoni imefikia wapi, na yeye hujibu inaendelea vizuri. Alikuwa anatazama viatu vyake. Nilikuwa nadhani ni mimi peke yangu niliye na cha kupoteza, kwamba yeye na utaratibu wake wote hakuna kinachomgusa. Nikamwambia viatu vyake vimelowa.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua. Ndoo mbili sasa. Nimerudia kwa mara ya nne. Mimi, niliyesema sihakiki.

Alhamisi, 8 Mei

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwenye paa.

Mvua ya leo haikuwa na adabu. Mchana tone letu la kati likageuka mchirizi, kisha likazaa jingine juu ya meza yangu na jingine juu ya meza ya Kobe. Nailoni ikazidiwa. Tukaokoa karatasi, tukaokoa kompyuta, tukasukumana na vitu vyetu mpaka kwenye kona pekee iliyobaki kavu, ile ya ubao. Tangu Machi hakuna aliyeugusa ubao ule, kwa kuwa kila mtu alikuwa na daftari lake na kiburi chake.

Meza ikawa moja, tena ndogo, haikutosha kufungua madaftari mawili. Kobe akaokota chaki akasema basi tuanze upya pamoja, tangu mstari wa kwanza, mstari mmoja yeye, mmoja mimi. Nilikuwa nimechoka kubisha. Nikasema aanze yeye.

Akaandika mstari wa kwanza kabisa, ule wa kupima umbali katika wakati na nafasi, ule ambao mtu huuandika kama anavyoandika jina lake. Nikautazama. Nikaweka kidole juu ya alama ya kwanza.

"Kaka," nikasema, "mbona wakati umeuwekea kutoa?"

"Si ndivyo unavyowekwa?"

"Wakati ni kujumlisha. Nafasi ndiyo kutoa."

Akanigeukia polepole, kama afanyavyo kila kitu. "Tangu lini?"

"Tangu nianze shule."

Njia yake ni halali, na yangu ni halali, ila kila mmoja ameifuata ya kwake mpaka mlangoni kwa mwenzake. Uzito hauujali mchanganyiko huo, ndiyo maana ulitoka vizuri. Na misukumo, ukiigeuza yote kwa pamoja, bado inafutana hadi sifuri, kwa hiyo hata kipimo kile tulichokishangilia kisingeweza kutuonya. Kilichogeuka ni nani anasukuma na nani anashikilia. Miezi miwili. Hesabu zangu zilikuwa sahihi, zake zilikuwa sahihi, na protoni ilikuwa inapasuka kwenye uchochoro ulio katikati yetu, hapohapo penye ndoo.

Kobe alianza kucheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Hucheka bila sauti, mabega ndiyo yanayofanya kazi. Mimi nikavunjika mbavu mpaka nikakalia ndoo, na ndoo ilikuwa na maji.

Katika kucheka huko akaniambia kwamba nyumbani kwake naitwa Cherehani, kwa sababu sisimami nikishaanza. Hata mapacha wananijua kwa jina hilo. Nikatafakari kama nimwambie la kwake. Nikamwambia. Akafikiri kidogo, akasema ni jina la haki.

Hatukupata muda wa kurekebisha chochote. Mlinzi alikuja akapiga kelele kwamba maji yamefika kwenye ngazi, tutoke tukiwa tunaweza. Tukakimbia, kila mtu amekumbatia mfuko wake. Getini nikampigia kelele kwamba aniachie, nitageuza ya kwangu. Naye akasema hapana, dada, niachie mimi. Kisha kila mmoja akashika njia yake.

Jumamosi, 10 Mei

Chuo kimefungwa kwa sababu ya maji. Kwa kina Kobe hakuna umeme, simu yake haipatikani tangu jana.

Nimeamua. Ya kwangu ndiyo nitakayoigeuza iwe kama yake, kila mstari, mpaka mwisho. Alisema nimwachie, lakini ana mapacha na hana umeme, na kwa mwendo wake atafika jopo limeshavunjika. Zaidi ya hapo, nataka kumfanyia jambo. Mtu aliyenikaushia meza msimu mzima anastahili angalau alama ya kutoa.

Jumapili, 11 Mei

Nimemaliza. Nimehakiki mara tatu kwa rula.

Shangazi kaniuliza kama kesho wageni wanaruhusiwa. Nikasema wanaruhusiwa. Ameanza kupiga pasi gauni lake la bluu.

Jumatatu, 12 Mei

Mungu ana utani na wanafizikia.

Asubuhi mapema nilimkuta Kobe mbele ya ukumbi wa jopo, koti limepigwa pasi, uso una uchovu na furaha. Shangazi alikuwa nami, na chupa yake ya chai. Nikafungua kompyuta, Kobe akaniletea faili lake, tukaunganisha. Uzito sawa. Jumla sifuri. Grafu ikajichora.

Ikapasuka.

Nilishika ukuta. Kobe alikodoa macho. Kisha tukatazamana, na nadhani tulijua kwa wakati mmoja.

"Umegeuza?" akaniuliza.

"Nimegeuza iwe kama yako. Na wewe?"

"Nimegeuza iwe kama yako," akasema. "Nilitumia betri ya gari la jirani."

Mara ya kwanza tuliiua protoni kwa ubishi, na mara ya pili tumeiua kwa adabu. Sikujua nicheke au nikimbie, na jopo lilikuwa linaingia mlangoni mmoja mmoja na makablasha yao.

Dawa ilikuwa rahisi. Kila mmoja wetu alikuwa bado na nusu yake ya zamani pamoja na ile aliyoigeuza, kwa hiyo ilitosha mmoja arudi kwake na mwingine abaki ugenini. Lakini hapo Kobe akasema zitumike alama zangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyeanza kazi. Nikasema zitumike zake, yeye ndiye aliyeishi gizani. Akasema haiwezekani. Nikasema inawezekana sana. Tulikuwa tunagombana tena, safari hii kila mtu akimsukumia mwenzake ushindi, na sauti zikaanza kupanda.

Shangazi akafunga kifuniko cha chupa. "Nyinyi," akasema, "chukueni yoyote muingie. Chai inapoa na watu wameshakaa."

Kobe akaanza kufikiri. Mimi ni mwepesi, nilishabonyeza. Mvutano wangu mpya na tafsiri yake ya zamani, alama zake Kobe tangu mwanzo hadi mwisho. Grafu ikajichora kwa mara ya tatu. Katikati ikasukuma nje. Pembeni ikashikilia. Ikatulia.

Hatukuwa na muda hata wa kushangilia.

Ukumbini nilieleza mvutano, Kobe akaeleza tafsiri, polepole, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi watu wanavyomwelewa anapozungumza. Nilipoongea mimi wajumbe walikuwa wakiandika haraka, shingo zimeinama. Alipoongea yeye waliacha kalamu, wakasikiliza. Profesa alikaa nyuma yao akichezea funguo.

Mama wa nje alisubiri mpaka mwisho. Kisha akaomba turudi kwenye grafu. Akaitazama.

"Jumla ya sifuri haiwezi kuwaambia kama mmeipindua," akasema. "Mlizihakikije alama?"

Kobe akavuta pumzi. Najua angejibu kwa uangalifu, kwa uzuri, kwa mlinganyo. Lakini mdomo wangu ulishatoka mbio.

"Tulikosea mara mbili, mama," nikasema. "Mara ya kwanza kila mtu alishika alama zake. Mara ya pili kila mtu alichukua za mwenzake. Hiyo ya pili ilikuwa leo asubuhi, hapo nje."

Niliiona sekondari yangu, geti lake, kengele yake. Nikasikia chupa ya Shangazi ikigonga kiti.

Mama yule akavua miwani. Alikuwa anacheka, na macho yamemjaa maji.

"Mimi na marehemu mume wangu," akasema, "kosa hilo lilitugharimu mwaka mzima. Na sisi tulikuwa tunalala chumba kimoja." Akajifuta kwa leso yake mwenyewe. "Hatukuwahi kumwambia mtu. Tulichapisha kama vile hakuna kilichotokea."

Wakatutoa nje. Tukanywa chai ya Shangazi, imepoa, tamu kupita kiasi. Wakatuita tena. Tumepita, wote wawili, masahihisho machache. La kwanza kwenye orodha: andikeni alama zenu kwenye ukurasa wa kwanza.

Njiani Shangazi akaniuliza.

"Sasa mmeipima?"

"Tumeipima, Shangazi."

"Ina afya?"

Nikamwambia ina afya. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akasema yule kaka mpole wa koti aje siku moja na watoto wake.

Jumatano, 21 Mei

Mvua imekatika. Fundi kapanda paani, kashuka, haoni panapovuja. Kobe akamwonyesha kila sehemu kutoka ndani, darini, alikuwa ameziwekea alama za chaki tangu Aprili, kisha akampandisha tena. Fundi ameziba zote. Hakuwa na furaha.

Ijumaa, 23 Mei

Ndoo imerudi stoo. Pale katikati pamebaki duara jeupe sakafuni, na mara mbili leo nimelizunguka kwa mazoea.

Profesa ametupa kazi mpya, chembe nyingine, nyepesi kuliko protoni na yenye maringo zaidi. Hakutuusia chochote. Alisimama tu mlangoni kidogo, akatutazama, akaenda zake.

Meza tumeziacha pamoja kwenye kona. Kobe akaenda ubaoni, akaandika mstari wa kwanza kwa mwendo wake ule, akasogea pembeni. Hakuendelea. Akaninyooshea chaki, akangoja.

Nikasoma kila alama kwa sauti, moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha nikaandika mstari wa pili chini ya wake.